Sindano kumi na mbili kwa namba moja

Karatasi ya majibu ya maabara ina ukatili wake. Mwanaume anaipokea, macho yanashuka moja kwa moja hadi mstari wa mwisho, na pale anakuta PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, ikiwa 5.1 na kialama pembeni, nyota au mshale unaotazama juu. Hajaambiwa ana saratani. Hajaambiwa hana. Ameambiwa tu kwamba amevuka 4, na kuanzia hapo mambo huenda mbio: miadi kwa daktari bingwa wa mfumo wa mkojo, dozi ya antibiotiki, kisha kitanda ambacho atalala ubavu huku sindano ikipenya ukuta wa puru na kuchomoa vipande kumi au kumi na viwili vya nyama ya tezi dume.

Katika utafiti mkubwa wa Ulaya ulioanza miaka ya mwanzo ya 1990 na kufuatilia wanaume wapatao 182,000, takriban robo tatu ya waliochukuliwa kinyama (biopsi, yaani vipande vya tezi vya kupimwa) kwa sababu ya PSA kupanda hawakukutwa na saratani. Fundi anayefungua injini nne ili akute moja mbovu hadumu na wateja.

Sitaki kueleweka vibaya. Ugonjwa wenyewe si wa mzaha: kwa makadirio ya mwaka 2022 uliua watu karibu 400,000 duniani, na wapo wanaume walio hai leo kwa sababu sindano hiyo ilifika kwa wakati. Ninachobishia ni namna tunavyochagua nani achomwe. Njia bora ipo, na sehemu yake kubwa haihitaji mashine mpya. Inahitaji tuache kuisoma PSA ikiwa peke yake, tuichanganye na mambo ambayo tayari yamo kwenye faili la mgonjwa, tupate makadirio ya hatari yake yeye. Ila makadirio hayo yana masharti ambayo wanaoyapigia debe huyapita haraka haraka, na hapo ndipo ninapotaka kukaa.

Tuanze na hiyo 4. PSA ni protini inayotengenezwa na tezi dume, kazi yake kuyayeyusha manii yaliyoganda. Kidogo huvuja na kuingia kwenye damu. Kitu chochote kinachoisumbua tezi huongeza mvujo huo: tezi kukua kwa umri, maambukizi ya njia ya mkojo, mpira wa mkojo uliowekwa karibuni, manii kutoka usiku wa kuamkia kipimo, hata safari ndefu ya baiskeli inaweza kuchangia. Saratani nayo imo kwenye orodha. PSA ni ya tezi. Haijawahi kuwa ya saratani. Richard Ablin, aliyeeleza antijeni ya tezi dume mwaka 1970, aliandika gazetini mwaka 2010 akilalamika kwamba kipimo hiki kinatumika kwa wingi huku uwezo wake wa kugundua saratani haupiti sana ule wa kurusha sarafu. Alitia chumvi kidogo, lakini hasira yake naielewa.

Mwaka 1986 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikikubali kipimo hicho kwa kazi moja, kufuatilia watu ambao saratani yao ilikwisha kujulikana. Mwaka 1994 kikaruhusiwa kusaidia kuigundua, na nanogramu 4 kwa mililita ikasimikwa kama mpaka, kwa kuwa wanaume wengi walioonekana wazima walikuwa chini yake. Mpaka huo umechorwa kwa rula, ramani ikiwa mezani. Mwili haukushirikishwa.

Udhaifu wake ulianikwa mwaka 2004. Katika utafiti wa Marekani wa kuzuia saratani ya tezi dume, wanaume 2,950 ambao PSA yao haikupita 4 kwa miaka saba, na ambao kidole cha daktari, kikipapasa tezi kupitia puru, hakikugusa kitu cha kutilia shaka, walichukuliwa kinyama mwishoni. Asilimia 15.2 walikuwa na saratani. Hata waliokuwa na PSA ya 0.5 au chini ya hapo, asilimia 6.6 walikuwa nayo. Hakuna ukuta pale penye 4. Kuna mteremko, unaoanza karibu na sifuri na kupanda polepole.

Mtu anaweza kuyasoma matokeo hayo kwa namna mbili. Ya kwanza ni kusema: basi tushushe mpaka, tuwakamate wengi zaidi. Wapo waliopendekeza 2.5. Ya pili ni kuangalia ndani ya hizo saratani zilizokutwa. Ni asilimia 15 hivi tu kati yake zilizokuwa na alama ya Gleason ya 7 au zaidi, yaani chembe zenye sura ya ukorofi chini ya hadubini. Nyingine zote zilikuwa za daraja la chini. Swali likageuka. Kumbe kujua kama mwanaume ana saratani ni jambo dogo. La maana ni kujua kama ana saratani inayostahili kukutwa.

Kampeni za afya hupenda methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa saratani ya mlango wa kizazi methali hiyo imetenda haki. Kwa tezi dume inapotosha. Uchunguzi wa maiti za wanaume waliokufa kwa sababu nyingine kabisa, ukikusanywa pamoja kutoka tafiti 29 mwaka 2015, ulikadiria kwamba saratani ya tezi dume iliyojificha ilikuwepo kwa asilimia 5 ya wenye umri chini ya miaka 30, na asilimia 59 ya waliopita 79. Zaidi ya nusu ya wazee hao waliishi na ufa ambao haukuangusha nyumba. Ukitafuta kwa bidii utaupata, na ukishaupata ni vigumu sana kumwambia mwenye nyumba alale usingizi.

Kwa hiyo sindano isiyo ya lazima ina gharama mbili. Ya kwanza inaonekana: damu kwenye mkojo na kwenye manii kwa siku au wiki kadhaa, maumivu, mkojo kuziba kwa baadhi, na lile tunaloliogopa zaidi, bakteria wa kwenye puru kubebwa na sindano hadi kwenye damu. Tafiti nyingi za njia ya puru zimetaja mtu mmoja hadi wanne kati ya mia wanaolazwa kwa maambukizi, na usugu wa dawa umeifanya kinga ya kidonge isitegemewe kama zamani. Ndiyo sababu miongozo ya Ulaya sasa inapendelea sindano ipite kwenye msamba, penye ngozi inayoweza kusafishwa.

Gharama ya pili haina damu. Ni ile saratani ya daraja la chini ambayo isingemdhuru mtu, lakini sasa ina jina, ina namba ya faili, na ina familia nzima inayouliza itatolewa lini. Utafiti wa Uingereza uliowafuatilia wanaume 1,643 wenye saratani iliyogunduliwa kwa PSA, wakagawanywa kwa kura kati ya upasuaji, mionzi na kufuatiliwa tu, ulitoa matokeo ya miaka 15 mwaka 2023: waliokufa kwa saratani hiyo walikuwa 45, asilimia 2.7, na tofauti kati ya makundi matatu ilikuwa ndogo mno. Ni kweli kwamba katika kundi la kufuatiliwa saratani ilisambaa kwa watu wengi zaidi, asilimia 9.4 dhidi ya 4.7 kwa waliopasuliwa, na hilo sitalificha. Lakini upasuaji na mionzi huacha alama zake kwa mkojo, kwa choo na kwa nguvu za kiume, na alama hizo huanza mapema, si baada ya miaka 15.

Sasa kikokotoo. Neno hili limechafuka kwa wengi kwa mabishano ya mafao ya kustaafu, lakini hapa lina maana ya heshima: ni hesabu inayochukua mambo kadhaa kuhusu mtu na kutoa asilimia moja. Kilichotokana na ule utafiti wa Marekani kilitoka mwaka 2006. Cha Rotterdam kilitokana na tawi la Uholanzi la ule utafiti wa Ulaya. Vingine vimefuata. Ndani yake hakuna siri: PSA, umri, kidole kilihisi nini, kama kuna baba au ndugu aliyeugua, kama mtu aliwahi kuchukuliwa kinyama na majibu yakawa safi, na kwa baadhi yake, ujazo wa tezi.

Ili kuona kwa nini mambo hayo yana uzito, tuwabuni wanaume watatu, wote wakiwa na PSA ya 5 kamili. Wa kwanza ana miaka 54, tezi yake ni ndogo, mililita 25, na baba yake alikufa kwa saratani hii. Wa pili ana miaka 71, tezi imevimba hadi mililita 100, na miaka mitatu iliyopita alichukuliwa kinyama, hakikukutwa kitu. Wa tatu ana miaka 60 na wiki tatu zilizopita alitibiwa maambukizi ya mkojo.

Kwa karatasi ya maabara hawa ni mtu mmoja aliyepigwa nakala. Gawa PSA kwa ujazo wa tezi uone. Wa kwanza anapata 0.20, wa pili 0.05. Huu mgawanyo mdogo, msongamano wa PSA, unauliza kitu ambacho mtoto wa darasa la tano angeuliza: je, kiasi hiki cha protini kinalingana na ukubwa wa kiwanda? Kiwanda cha mililita 100 kutoa 5 si ajabu hata kidogo. Kiwanda cha mililita 25 kutoa kiasi hicho hicho kinahitaji maelezo. Madaktari wengi hutumia 0.15 kama alama ya kuanza kuwa na wasiwasi. Ujazo wenyewe hupimwa kwa ultrasaundi ya kawaida au kusomwa kwenye picha ya MRI, na mara nyingi umeshaandikwa kwenye faili na mtu aliyempima mgonjwa kwa shida ya kukojoa. Umeandikwa, haukusomwa.

Wa tatu hahitaji hesabu yoyote. Anahitaji kusubiri na kupima tena. Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti uliopima upya damu iliyohifadhiwa ya wanaume 972 kwa miaka minne mfululizo: kati ya waliowahi kuvuka 4, asilimia 44 walirudi chini ya mstari katika kipimo kimoja au zaidi kilichofuata. Karibu nusu! Kurudia kipimo baada ya wiki kadhaa, mkojo ukiwa safi, ni kinga ya sindano iliyo rahisi kuliko zote, na bado wapo wanaopelekwa kuchomwa kwa namba moja ya siku moja.

Kuna na wa nne ambaye karatasi haikumwekea nyota. Anatumia finasteraidi kwa ajili ya tezi iliyovimba, na PSA yake ni 3. Dawa hiyo hushusha PSA kwa takriban nusu baada ya miezi sita hadi mwaka. Tatu yake ni sita. Huyu anaambiwa aende nyumbani. Wanaozungumzia makadirio kama njia ya kupunguza sindano tu humsahau; makadirio mazuri humwongezea sindano anayestahili.

Mwaka 2014 kikokotoo cha Marekani kilifanyiwa marekebisho ambayo kwangu ni makubwa kuliko kipimo chochote kipya cha damu. Badala ya kutoa asilimia moja ya kuwa na saratani, kikaanza kutoa tatu: uwezekano wa kutokuwa nayo, wa kuwa na ya daraja la chini, na wa kuwa na ya daraja la juu. Fikiria mgonjwa anayeambiwa ana uwezekano wa asilimia 30 wa saratani. Atachomwa tu, nani atakubali 30? Mwambie sasa kwamba katika hizo 30, 22 ni za aina ambayo hata ikikutwa ushauri utakuwa kuiangalia bila kuigusa, na 8 ni za aina ya hatari. Ugonjwa haujabadilika. Mazungumzo yamebadilika. (Namba hizi ni za mfano wangu, asije mtu akaenda nazo kliniki.)

Hapa nageukia upande wa pili, kwa maana kikokotoo nacho kina uongo wake.

Kuna sifa mbili ambazo chombo cha makadirio lazima kiwe nazo, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni kupanga foleni: ukikipa wanaume wawili, mmoja mwenye ugonjwa na mmoja asiye nao, je, kitampa mgonjwa namba kubwa zaidi? PSA peke yake, kwa takwimu za mwaka 2005 za utafiti ule wa Marekani, ilipata hilo mara 68 katika mia, wakati kubahatisha kunakupa 50. Ya pili ni kusema kweli: wanaume mia wakiambiwa kila mmoja ana asilimia 20, je, ni kweli 20 kati yao wanao? Chombo kinaweza kupanga foleni vizuri sana huku namba zake zote zimezidi mara mbili. Kwa mtafiti hilo ni dosari ya kurekebisha. Kwa mgonjwa ndiyo kila kitu, kwa sababu yeye haoni foleni. Anaona namba yake tu.

Na namba hizo zimezaliwa mahali. Wanaume wa utafiti wa Marekani walichukuliwa kinyama hata PSA ikiwa chini, na wengi mno walikuwa weupe. Wale wa Rotterdam walichomwa sindano sita, enzi ambayo sita ndiyo ilikuwa desturi. Leo zinachukuliwa kumi na mbili na zaidi, na nyingine zinaongozwa na picha, kwa hiyo saratani inayopatikana ni nyingi kuliko ile iliyofundisha hesabu. Chukua kikokotoo kilichofunzwa kwa watu wa kawaida wa mtaani, kipeleke kliniki ya bingwa ambako wanaofika wameshachujwa, kitaitaja hatari chini ya ilivyo. Fanya kinyume chake, kitaizidisha. Hakuna aliyekosea kujumlisha. Ni kama mizani iliyowekwa sawa kwenye duka moja ikahamishiwa jingine bila kukaguliwa.

Jambo hili linawahusu sana wanaume wenye asili ya Afrika. Nchini Marekani wanaume weusi hufa kwa saratani hii kwa kiwango cha takriban mara mbili ya weupe, lakini katika tafiti zilizozaa vikokotoo hivi walikuwa wachache. Baadhi ya vikokotoo vina kisanduku cha rangi ya ngozi: weka alama, asilimia inapanda. Nina mashaka na kisanduku hicho, ingawa najua kwa nini kipo. Kimebeba kwa pamoja urithi wa vinasaba, umbali wa hospitali, umaskini, na miaka ya kutosikilizwa, kisha kikavigeuza vyote kuwa namba moja inayodai kueleza mwili wa mtu. Kukifuta bila kuweka kitu badala yake kunaweza kuwanyima kipimo wanaokihitaji zaidi. Kukiacha kunawafundisha madaktari kwamba rangi ni ugonjwa. Jibu la kweli ni kazi ya kuchosha: kukusanya takwimu za watu hao wenyewe na kuikagua mizani upya kila inapohamishwa. Kazi hiyo haina utukufu, na ndiyo maana inasuasua huku vipimo vipya vikizinduliwa kila mwaka.

Kuhusu vipimo hivyo vipya nitakuwa mfupi. Kuna vya damu vinavyopima aina mbalimbali za PSA, kuna vya mkojo, kuna vinavyochanganya protini na vinasaba. Kile cha Stockholm, kilichojaribiwa kwa wanaume 58,818 na kuchapishwa mwaka 2015, kilionyesha kingeweza kupunguza uchukuaji wa kinyama kwa asilimia 32 bila kupoteza uwezo wa kukamata saratani za hatari, kikilinganishwa na kutumia PSA ya 3 kama mpaka. Kazi nzuri. Ninachouliza kila ninaposoma tangazo la kipimo cha aina hii ni kimoja: kimelinganishwa na nini? Kuishinda PSA iliyo peke yake si kazi kubwa. Tumeona umri na ujazo wa tezi vinavyoibadilisha. Mshindani wa haki ni PSA iliyorudiwa, pamoja na umri, ujazo na historia ya familia. Weka kipimo kipya mbele ya huyo na pengo hupungua sana. Mara nyingine pengo linalobaki lina thamani, mara nyingine linalipiwa kuliko linavyostahili.

Picha ya MRI ni habari nyingine, nayo nakubali imegeuza mchezo. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2017 uliwapima wanaume 576 kwa njia zote, pamoja na kuchoma tezi kwa mpangilio wa gridi ili kuujua ukweli. Sindano za kawaida za njia ya puru, zile tulizoziamini kwa miongo, zilikamata asilimia 48 tu ya saratani za hatari. MRI ilikamata 93, na kama ingetumika kwanza, asilimia 27 ya wanaume hao wangeweza kuepuka sindano. Mwaka uliofuata, jaribio la kimataifa la wanaume 500 waliogawanywa kwa kura lilithibitisha: waliopitia MRI kwanza, asilimia 28 hawakuchomwa kabisa, na bado saratani za hatari zilikutwa kwa 38 katika mia dhidi ya 26 kwa njia ya zamani. Zile zisizo na maana zilishuka kutoka 22 hadi 9. Ni nadra kwa tiba kupata vyote viwili kwa pamoja, kuchoma wachache na kukamata wengi.

Tatizo ni kwamba mafanikio hayo yamezaa imani mpya isiyo na maswali, kwamba MRI ikiwa safi basi kesi imefungwa. MRI husomwa na mtu, na watu hutofautiana. Picha hupewa alama ya 1 hadi 5, na pale penye 3 wasomaji wawili hodari wanaweza kutoka chumbani na majibu tofauti. Zaidi ya hapo, uzito wa picha safi unategemea hatari aliyokuwa nayo mtu kabla hajaingia kwenye mashine. Kwa yule mzee wa 0.05, picha safi inatosha kumrudisha nyumbani. Kwa yule wa miaka 54 mwenye 0.20 na baba aliyekufa, picha hiyo hiyo safi haitoshi, na daktari makini atamweleza hivyo. Kwa hiyo kikokotoo hakikustaafishwa na MRI. Kinaamua nani apigwe picha, kisha kinaamua picha iaminiwe kiasi gani. Na mahali ambapo mashine ni moja na foleni ni miezi, kuitumia kwa kila mwenye 4.1 ni kumchelewesha mwenye 20.

Pingamizi zito dhidi ya yote haya nalijua: mkiruka sindano mtaruka na saratani. Ni kweli, zitarukwa. Mwaka 2012 jopo la Marekani linalotoa ushauri wa kinga lilipendekeza kipimo cha PSA kisitumike kabisa kwa uchunguzi wa jumla, na miaka iliyofuata saratani zinazogunduliwa zikiwa zimesambaa ziliongezeka. Mwaka 2018 likalegeza, likawaachia wenye miaka 55 hadi 69 waamue na daktari wao. Sidai kwamba lile moja lilisababisha hili, lakini anayepunguza upimaji lazima ajibu swali hilo. Jibu langu ni kwamba makadirio si mlango unaofungwa. Saratani hii, kwa wengi, huenda kwa miaka, si kwa wiki. Anayeambiwa hatari yake ni ndogo leo anapimwa tena mwakani au baada ya miaka miwili, na namba zake za zamani zinakaa kwenye hesabu mpya. Jaribio la Göteborg lililochapishwa mwaka 2022 lilionyesha kwamba kuchoma penye picha ya kutilia shaka tu kulipunguza kwa nusu ugunduzi wa saratani zisizo na maana, na gharama yake ilikuwa baadhi ya saratani za hatari ya kati kuchelewa kugunduliwa kwa watu wachache. Hiyo ndiyo bei, imeandikwa wazi. Kinachofanya bei hiyo ivumilike ni simu ya kumkumbusha mtu arudi, na mahali ambapo hakuna anayepiga simu hiyo, mimi mwenyewe ningechoma mapema zaidi.

Linabaki suala la mstari. Asilimia ngapi inatosha kuchomwa? Mwaka 2006 watafiti Andrew Vickers na Elena Elkin walionyesha njia ya kulipima hilo ambayo naipenda kwa uaminifu wake. Ukisema utakubali sindano hatari ikifika asilimia 10, umesema kwamba uko tayari watu tisa wachomwe bure ili mmoja akutwe. Ukisema 20, wanne kwa mmoja. Hesabu inaweza kukuambia chombo gani kinakufaa ukishachagua mstari, ila haiwezi kukuchagulia. Miongozo hutaja 10, hutaja 15, kana kwamba imezipata maabara. Zilipatikana kwenye kikao.

Ndiyo maana namrudia yule mzee wa miaka 71. Tuseme hesabu zote zimefanyika, picha ni safi, msongamano ni 0.05, na kikokotoo kilichokaguliwa vizuri kimempa asilimia 4 ya saratani ya hatari. Mimi ningekwenda nyumbani nikale. Yeye alimuuguza kaka yake miezi minane, anajua harufu ya chumba kile, na anasema nne ni nyingi. Ameelezwa kuhusu maambukizi, ameelezwa kuhusu saratani ndogo zisizo na meno, ameuliza maswali kuliko mimi ninavyoweza kujibu, na bado anataka. Takwimu sijakosea. Yeye naye hajakosea. Ningemwombea kitu kimoja tu kwa daktari: sindano ipite msambani.